Krimu na Biskuti

"Binti, kati ya hivi vibao viwili, kipi kina njano zaidi?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini, na sikuweza kulijibu. Nilikuwa nimefika shambani asubuhi ile juu ya lori la mbegu, barua yangu ya ajira nimeikunja ndani ya Biblia ya mama ili isipate vumbi. Barua ilisema mimi ni Afisa Majengo Msaidizi. Shahada yangu ilikuwa ya kemia. Nilipomuuliza karani wa utumishi kemia na majengo vinahusiana vipi, alinitazama kama mtu aliyechoshwa na wasomi akasema, "Kwani rangi si kemia?"

Ilikuwa enzi ya mashamba ya taifa ya ngano, kwenye tambarare za Hanang. Ninyi mnaosoma haya leo mmekuta habari zake tu. Sifa zote zilikuwa za watu wa kombaini na matrekta. Sisi wa majengo tulikumbukwa bati likipeperuka. Lakini shamba lilikuwa na nyumba za wafanyakazi, ofisi, shule na zahanati, na kila ukuta ulihitaji mtu wa kuufikiria.

Aliyeuliza swali lile alikuwa Fundi Mkuu wa Rangi, Mzee Paskali, mtu wa Bashay, mrefu, aliyevaa kofia ya sufu hata mchana. Tulikuwa ndani ya ghala lenye dirisha moja dogo. Unyevu ulikuwa umezibandua lebo za makopo mengi ya rangi zilizochanganywa zamani, na hakuna aliyejua kopo lipi lina nini. Alikuwa amepaka vibao viwili, kila kimoja ukubwa wa kiganja, kutoka kwenye makopo mawili yasiyo na jina.

Nilivitazama. "Naona ni sawa, Mzee."

"Basi tuko wawili," akasema, akacheka kidogo. Akanipeleka mlangoni, kwenye mwanga. "Tazama tena. Usiharakishe."

Safari hii niliona. Cha kulia kilikuwa na njano ndani yake, kama samli iliyoanza kuganda. Cha kushoto kilikuwa na wekundu wa mbali sana, kama ganda la mkate. Nikaonyesha cha kulia.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akatoa kisu mfukoni, akakata mkato mdogo ubavuni mwa kile nilichokionyesha. "Huyu ni krimu," akasema. "Mwenzake tumwite biskuti." Nilidhani ananifanyia mtihani, na kwamba mkato ule ni alama ya vema. Nililala siku ile nikijipongeza.

Niwaeleze kidogo kazi ilivyokuwa, kwa sababu siku hizi mnanunua rangi tayari. Sisi tuliletewa rangi nyeupe ya maji kwenye madumu, na unga wa rangi kwenye mifuko: wa njano, mwekundu, wa kahawia. Krimu ni nyeupe iliyotiwa unga wa njano. Biskuti inatiwa njano kidogo sana, kisha nyekundu na kahawia kwa ncha ya kijiko. Ukikosea kijiko kimoja kwenye dumu, umepata rangi nyingine kabisa. Rangi mbichi hudanganya, ikikauka hubadilika. Kwa hiyo unapaka kibao, unasubiri kikauke, ndipo unaamua. Ukutani unaanza na msasa, halafu rangi ya chini ya kuziba vinyweleo vya lipu, halafu koti la kwanza, halafu la pili. Nyeupe tupu tuliiweka kwenye dari tu. Meneja wa Shamba aliikataza kwenye kuta kwa sababu vumbi la tambarare lingeichafua kwa wiki moja.

Nilipinga karibu kila kitu. Kwa nini makoti mawili na si matatu? Kwa nini brashi isukumwe kutoka pakavu kwenda pabichi? Mzee Paskali alijibu alichokijua, na asichokijua alisema hakijui, jambo ambalo chuo kikuu sikulizoea. Baada ya miezi miwili karakana nzima ilikuwa inaniita Kwanini. "Kwanini ameshafika?" "Mwulize Kwanini." Hata Meneja aliniita hivyo mbele ya wageni.

Siku moja Mzee aliniuliza, "Mama yako kule Nambis, akitaka kukandika nyumba, udongo anachukua wapi?"

Nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekiweka mbali. Mama alikuwa na mashimo mawili. Aliuchanganya udongo wa kila shimo na majivu, akapaka kiganja kimoja kimoja ndani ya nyumba, nyuma ya jiko, akaacha siku mbili. Ndipo alipochagua.

"Ndani ya nyumba?" Mzee akauliza.

"Ndani."

"Haya," akasema, akaendelea kupiga msasa. Aliniacha nalo. Sikulifanyia kazi.

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuanza chumba chochote alivitoa vile vibao viwili kwenye mfuko wa koti, akaviegemeza ukutani, akaniuliza, "Unaonaje?" Nami nilisema: chumba hiki kinatazama mashariki, asubuhi krimu itawaka, kile kina dirisha dogo, biskuti itakuwa nzito. Alisikiliza mpaka mwisho kana kwamba mimi ndiye mzee. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile.

Mwaka wangu wa pili ikaja zamu ya zahanati. Meneja wa Shamba, bwana aliyependa vitu vifanane, alishaamua. "Shamba moja, mbegu moja, rangi moja," alisema. "Krimu." Lakini kwenye meza yangu kulikuwa na barua fupi kutoka kwa Nesi Mkunga: "Kwa chumba cha wazazi naomba isiwe krimu."

Nikaenda kuuliza. Sista Anjela, ndivyo wote walivyomwita, alikuwa mfupi, mwenye mikono ya mtu anayelima. Nilimkuta anakunja nepi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Wewe ndiye Kwanini?"

"Ndiye mimi."

"Karibu. Uliza."

Nikamuuliza. Akaniita kwenye kitanda cha mtoto mchanga aliyelala. "Huyu ana siku mbili. Siku kama ya leo au kesho mtoto anaweza kuanza kuwa wa manjano. Kidogo ni kawaida. Yakizidi yanapanda kichwani, anakufa, au anapona akiwa kiziwi. Mashine ya kupima sina. Nina kidole hiki na macho haya." Akabonyeza kifua cha mtoto taratibu, akaachia. "Nasoma rangi inayobaki hapa. Sasa ukinizungushia kuta za njano, kila mtoto atakuwa na njano kidogo, nami nitazoea. Nikizoea, nimekwisha."

"Kwa nini usimtoe nje ukamtazama kwenye jua?"

Alicheka mpaka akaketi. "Wewe ni wa Nambis kweli? Bibi gani atakuruhusu umtoe mtoto wa siku mbili kwenye upepo huu?"

Alisema kweli. Kwetu mama na mtoto hukaa ndani mpaka kitovu kidondoke, na katika nyumba nyingine zaidi ya hapo. Wafugaji waliokuja kujifungulia pale walikuwa na miiko yao, ila kwenye hili walifanana nasi. Mwanga pekee aliokuwa nao mtoto ni ule uliopita dirishani na kugonga kuta.

"Lakini una ushahidi?" nikauliza. "Umewahi kulinganisha? Una takwimu?"

"Nina miaka," Sista akasema, akarudi kwenye nepi zake.

Jibu lile halikunitosha. Nilikuwa nimefundishwa kwamba jambo lisilopimwa ni maoni. Nikaamua kupima. Nilichukua vile vibao viwili nikaviweka uani mwa karakana saa sita mchana, jua kali, na kati yake nikaweka kikombe cha maziwa, kisha kiganja changu. Nikatazama, nikaandika, nikarudia siku tatu. Mzee Paskali alikuja akasimama nyuma yangu.

"Ningekuwa wewe ningeviingiza ndani," akasema.

"Nje kuna mwanga zaidi, Mzee. Tofauti kama ipo itaonekana huku."

"Na umeona nini?"

"Vinatofautiana, lakini kiganja changu ni kilekile."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe."

"Basi andika," akasema.

Nikaandika kwamba tofauti kati ya rangi hizi mbili si kubwa kiasi cha kuathiri matumizi ya chumba. Meneja alifurahi. Chumba cha wazazi kikapakwa krimu, makoti mawili, kazi safi. Sista Anjela alisimama mlangoni akaangalia pande zote. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mmepaka vizuri."

Mavuno yakaanza. Makapi ya ngano yalipeperuka kila mahali na madirisha ya zahanati yakafungwa. Wiki ya tatu, kabla ya saa nne asubuhi, mhudumu wa zahanati alikuja kutuita mimi na Mzee Paskali, tukaacha brashi zetu.

Ndani ya chumba cha wazazi mlikuwa na wanawake wawili waliojifungua. Mmoja alikuwa Veronika, mke wa dereva wa kombaini, na binti yake wa siku tatu. Mama mkwe wake, bibi aliyetoka Maretadu, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango kama askari wa lindo.

"Mtoto hanyonyi vizuri," Sista akaniambia kwa sauti ya chini. "Naona manjano. Lakini naona manjano hata kwa yule mwingine aliyezaliwa jana, na yule ananyonya. Gari ni moja, liko kwenye mavuno. Nikienda kwa Meneja ataniuliza nina hakika, nami sina. Niambie basi nifanyeje."

Akamgeukia yule bibi. "Bibi, nimpeleke hapo kizingitini tu. Dakika moja."

"Hata nusu," bibi akasema. "Kitovu hakijadondoka. Unataka kumwonyesha nani?"

"Nataka kumwona mimi."

"Na hapa ndani humwoni? Kwani yuko Babati?"

Mzee Paskali alikuwa amevua kofia. Alimwamkia yule bibi kwa lugha yetu, akamwuliza habari za Maretadu, za mahindi, za ng'ombe, bila haraka yoyote, mpaka mimi nikataka kupiga kelele. Kisha akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Mtoto hatatoka. Hizi kuta ndizo zitakazotoka. Sista, una mashuka meupe mangapi?"

Yalikuwa sita. Tuliyapigilia misumari kwenye lipu yetu mpya, mimi nikiwa juu ya kiti na Mzee akinipa misumari kutoka mdomoni mwake.

"Sasa mnajenga hema?" bibi akauliza.

"La mjukuu wako, Bibi."

"Hema ndani ya nyumba," akasema kwa Veronika. "Na huyu binti eti amesoma."

Shuka la mwisho lilipofika kwenye kona, Sista akafungua dirisha moja. Nimejaribu mara nyingi kueleza kilichotokea. Ni kama chumba kizima kiliacha kunong'ona. Nilikuwa sijajua kwamba hewa yenyewe mle ndani ilikuwa ya njano. Kibao ni kimoja, kinalala peke yake kwenye jua. Chumba ni kuta nne zinazotazamana, kila moja inampa mwenzake rangi na kurudishiwa, na mtoto yuko katikati. Mama alilijua hilo bila shahada, ndiyo maana alipaka kiganja chake nyuma ya jiko na si uani.

Sista akabonyeza kifua cha yule mtoto wa jana, akaachia. Palikuwa safi. Akabonyeza kifua cha binti wa Veronika. Akabonyeza tumbo, paja, unyayo. Kila alipoachia, njano ilibaki.

Mzee Paskali hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa ananitazama mimi. "Binti, unaonaje?"

"Ni wa manjano, Mzee. Mpaka nyayo. Yule mwingine hana."

"Basi kamwambie Meneja."

Nilikimbia. Meneja alikuwa kwenye mizani ya ngano, akaniuliza kile kile Sista alichokitabiri. "Una hakika, Kwanini?"

"Ripoti yangu ilikuwa na makosa," nikasema. "Hili halina."

Alinitazama kidogo, akamwita dereva. Sista akamfunga mtoto vizuri, na sote tukamgeukia bibi. Alisimama, akalitazama Land Rover lililoegeshwa mlango kwa mlango.

"Lina paa," akasema baada ya kufikiri. "Chini ya paa si nje." Akapanda wa kwanza, akanyoosha mikono apewe mjukuu wake.

Hospitali walimweka mtoto chini ya taa ya kutibu manjano. Waliporudi baada ya wiki mbili, bibi alinikuta karakana, akampakata mjukuu mapajani, akapiga makofi mara moja nyuma ya kichwa chake. Mtoto akashtuka, akageuka. "Umeona?" akaniambia. Akapiga tena, kwa raha yake tu. Nikamshika mtoto mguu.

Niliandika ripoti nyingine kukanusha ya kwanza, nikaisaini kwa jina langu lote. Chumba tukakipaka upya biskuti, na sehemu kubwa nilipaka mimi. Biskuti haikuwa nyeupe, lakini Sista alisema kwamba sasa chumba kinamwachia mtoto rangi yake. Tulipomaliza nilimuuliza Mzee Paskali swali lililokuwa linanikera.

"Ulijua kwamba nakosea. Kwa nini hukunibishia?"

"Ulisema umeona," akajibu, akaenda kuosha brashi.

Alistaafu mwaka uliofuata. Siku ya kuagana alinipa vile vibao viwili, vimefungwa kwenye gazeti. Nilihamishiwa shamba la jirani kuwa Afisa Majengo kamili, kisha, mashamba yalipoanza kubadili wamiliki, nikaenda halmashauri, Mbulu, ambako nilikagua madarasa na zahanati hadi nilipostaafu. Nimefundisha mafundi vijana wengi. Kila mmoja nilimwambia habari ya vibao, na kila mara nilimalizia kwa kusema kwamba mwalimu bora ni yule anayemwacha mwanafunzi akosee ili ajionee. Niliyajenga mafundisho yangu yote ya kazi juu ya ule ukimya wa Mzee Paskali. Mimi niliyehoji kila kitu, hilo sikulihoji hata siku moja.

Binti wa Veronika anaimba kwaya. Baba yake alinisimamisha sokoni kunieleza, kana kwamba nilikuwa na sehemu katika sauti ile. Labda ninayo, pande zote mbili: ya kosa na ya mashuka.

Sasa ninaishi Nambis, kwenye nyumba ya mama. Vibao vinaning'inia jikoni. Muda si mrefu uliopita nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza. Daktari alinieleza kwamba lenzi ya jicho hugeuka njano polepole, miaka na miaka, na mwenyewe hana habari. Nilirudi nyumbani nikavitazama vibao. Krimu ilikuwa samli, biskuti ganda la mkate, kama siku ile mlangoni mwa ghala. Nikafumba jicho jipya, nikatazama kwa la zamani. Vilikuwa kibao kimoja mara mbili. Nilifumba na kufumbua mpaka chai ikapoa.

Wiki iliyofuata nilienda Bashay. Mzee Paskali ameshafariki, lakini mjane wake yuko, mzee sana, anasikia vizuri. Nilimwamkia, nikampa vibao avishike, nikamuuliza.

"Rangi zilimwacha kabla wewe hujafika," akasema. "Aliona watu, aliona njia, aliona brashi. Rangi hizi za karibu karibu hakuziona. Aliogopa wakijua watamstaafisha. Siku uliyofika alirudi nyumbani amefurahi. Aliniambia wamemletea binti mwenye macho."

Akapitisha kidole gumba ubavuni mwa kibao, taratibu, akapapasa pale penye mkato. "Alikuwa anafanya hivi mfukoni mwa koti," akasema, "kabla ya kuvitoa." Basi krimu hakuwahi kuijua kwa macho tangu nilipofika. Aliijua kwa kile kidole, kwenye mkato aliokata pale nilipomwonyesha mimi.